Rap ya Zamani kwenye Santuri: Ulipie Nini, Uache Nini

Mwaka 1983 mchoraji Jean-Michel Basquiat aliwaingiza studio marapa Rammellzee na K-Rob mjini New York, wakarekodi "Beat Bop". Basquiat akabuni jalada, na nakala zipatazo 500 zikatoka kwa lebo ya Tartown. Mwaka huohuo kampuni ya Profile ikautoa wimbo huo bila jalada lake. Muziki ni uleule, dakika kumi na ushei. Leo nakala ya Tartown huuzwa kwa maelfu ya dola kwa kuwa inagombewa na wakusanyaji wa sanaa. Ile ya Profile bei yake ni sehemu ndogo tu ya hiyo, na matoleo mapya yenye mchoro wa Basquiat yalitoka kwa bei ya santuri ya kawaida dukani. Mwenye kiu ya kusikiliza hana sababu ya kuigusa ya kwanza.

Kwa albamu zilizozuiwa, hesabu ni nyingine kabisa, na hapa ndipo wengi huliwa. Mwaka 1994 lebo ya Elektra ilikataa kutoa "Black Bastards" ya kundi la KMD kwa sababu ya mchoro wa jalada, takriban mwaka mmoja baada ya Subroc, mmoja wa wanakundi, kufariki. Kaka yake, Zev Love X, ndiye aliyerudi baadaye kwa jina la MF DOOM. "Center of Attention" ya kundi la InI, iliyotayarishwa na Pete Rock, nayo ikabaki kabatini. Albamu hizi zilizunguka kwanza kwenye kanda na santuri za wizi, na toleo halali la InI lilingoja hadi 2003. Kwa hiyo muuzaji akikuletea santuri "ya miaka ya 90" ya albamu ya namna hii, umri wake haukuhakikishii chochote. Mara nyingi ni nakala ya kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine: besi imefifia, sauti za juu zimechakaa, na msanii hakupata hata senti. Toleo halali la baadaye, ambalo kwa kawaida ni dola 25 hadi 40, linasikika vizuri zaidi na linamlipa mwenye kazi. Sioni hoja ya kulipa zaidi kwa kilicho duni.

Kabla ya kutoa pesa, omba picha ya namba zilizochorwa kwenye ukanda usio na muziki, karibu na lebo ya katikati, uzilinganishe na zile zilizoorodheshwa kwenye tovuti ya Discogs. Muuzaji mwaminifu hakatai.

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote: lebo ndogo kama Dope Folks ya Milwaukee, au Chopped Herring na DWG za Uingereza. Hizi huwatafuta marapa waliorekodi miaka ya mwisho ya 80 na ya 90 wasipate mkataba, zikasafisha kanda zao za kidijitali (DAT) na kaseti, kisha zikatoa nakala mia chache tu. Ukigawa bei kwa idadi ya nyimbo, ni ghali, maana EP ya nyimbo sita inaweza kugharimu sawa na albamu nzima. Hata hivyo kazi hii haipatikani kwingine, na nakala zikiisha bei sokoni huweza kupanda mara mbili au zaidi. Sikiliza vipande vya majaribio kwanza. Ukivipenda, nunua siku hiyohiyo. Uchache peke yake haufanyi mistari mibovu kuwa mizuri.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam, bei ya dukani ni nusu ya habari. Tuseme santuri ni dola 30 na kuisafirisha ni dola 30 nyingine. VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, huhesabiwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wa forodha, kwa hiyo bila shaka unavuka dola 69. Agizeni watu watatu au wanne kwa pamoja, nauli igawanyike.

Usiongeze pesa kwa sababu ya rangi ya plastiki wala kwa gramu 180 badala ya 140. Uzito unaongeza nauli. Ubora wa sauti unatokana na kanda iliyotumika na fundi aliyeikata. Ukinunua kuukuu, alama ya hali ya santuri ya VG+ inatosha. VG, daraja lililo chini yake, huwa na mikwaruzo inayosikika, hasa kwenye mapigo matupu ya rap.

Kama una dola 100 kwa mwaka, agiza pamoja na wenzako toleo moja halali la albamu iliyozuiwa na EP moja ya lebo ndogo. Nakala asilia waachie wakusanyaji.