Mtoto amegoma kula, na nyumbani hapaliwi nyama

Saa saba mchana, Madibira. Wali umepakuliwa, maharage yamo kwenye bakuli, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameketi mkekani akiwa amefumba mdomo. Mama anasogeza kijiko, mtoto anageuza shingo. Anaimbiwa, anaahidiwa barafu, anatishiwa daktari wa sindano. Wapi! Mwisho bibi yake anaamua apewe chai na kitumbua, asije akalala na njaa. Chai inakwisha, kitumbua kinakwisha, maharage yanarudi jikoni. Jioni mchezo ni ule ule.

Mzazi yeyote mwenye mtoto wa umri huo anaijua picha hii. Inakuwa nzito zaidi pale ambapo nyama hailiwi kabisa, au huonekana siku ya sikukuu tu. Wapo wasioila kwa imani, kama baadhi ya Wasabato na Wahindu. Wapo walioamua wenyewe. Na wapo wengi ambao hawajaamua chochote, ni bei ya kilo moja buchani iliyowaamulia. Kwa mwili wa mtoto hakuna tofauti: anachohitaji lazima kitoke kwenye mimea, na mayai au maziwa kama yapo.

Madibira si mahali pa njaa. Kata hii ya Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, iko kwenye barabara ya Rujewa kwenda Mafinga, na mashamba yake ya mpunga ya umwagiliaji yenye hekta zipatazo 3,000 hunyweshwa na Mto Ndembera. Mchele unaotoka huku unaliwa hadi Dar es Salaam. Lakini ghala lililojaa halitoshi kumkuza mtoto. Ukivuka kwenda mkoa jirani wa Iringa, nako kwenye mahindi, viazi na maharage tele, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto karibu 57 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 30. Mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana mnene na mchangamfu kabisa, ila ni mfupi kuliko umri wake, na ubongo wake nao umekua kwa kubanwa.

Tuanze na kugoma kwenyewe. Mwaka wa kwanza mtoto hukua kwa kasi ambayo hataiona tena maishani. Aliyezaliwa na kilo tatu hufikisha tisa hivi akitimiza mwaka. Mwaka wa pili huongeza kama kilo mbili na nusu tu, kwa hiyo hamu ya kula hupungua, na mama huona mtoto aliyekuwa akimaliza bakuli sasa anaonja na kukimbia. Wakati huo huo ameanza kutembea, ana mambo mengi ya kuchunguza, na anaogopa chakula asichokizoea, hasa cha kijani au chenye vipande vinavyoteleza. Tabia hii ni ya kawaida na kwa watoto wengi hupita yenyewe. Hatari iko kwenye kile tunachompa ili kuinunua amani.

Tumbo la mtoto wa kilo 10 huchukua kama mililita 300, kikombe kimoja na kidogo. Kikombe hicho kikijaa chai, nafasi ya maharage imekwisha. Chai ina kosa la pili: hata ile isiyo na maziwa huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage, hasa ikinywewa pamoja na chakula. Soda, juisi za pakiti, biskuti na barafu za rangi hufanya kazi ile ile ya kujaza bila kujenga. Hata maziwa ya ng'ombe, ambayo ni mazuri, yakizidi nusu lita kwa siku humfanya mtoto asitake kitu kingine, nayo hayana chuma cha kutosha. Uji mwepesi kama maji ya mchele uko kundi hilo hilo, ingawa kulisema hili mbele ya bibi aliyelea watoto saba kunahitaji ustaarabu.

Hilo la chuma ndilo la kuangaliwa kuliko yote. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kama miligramu 7 kwa siku. Kikombe kizima cha wali mweupe hakifikishi hata nusu miligramu. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama mbili, na mwili hunyonya chuma cha mimea kwa shida kuliko cha nyama. Ndiyo maana mtoto wa wali na mchuzi wa juu juu huishiwa damu polepole: analala sana, analia bila sababu, viganja vimepauka, wengine huanza kula udongo. Na upungufu wa damu wenyewe huua hamu ya kula. Anayegoma anazidi kugoma.

Dawa ya jikoni ni kufanya vijiko vitano anavyokubali viwe na uzito wa vijiko kumi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, kisha yapike hadi yavunjike kwa kidole. Kuloweka hupunguza vitu vinavyofunga chuma ndani ya nafaka na mikunde, na huokoa mkaa. Magadi yalainishe maharage ya wakubwa kama ni lazima, ila kwa mtoto yaachwe kwa sababu huharibu baadhi ya vitamini. Kisha yaponde, yachuje maganda kama ndiyo yanayomkera, changanya na wali uliopondwa, na kijiko cha karanga zilizosagwa au mafuta ya alizeti. Wali na maharage husaidiana: protini inayopungua kwenye kimoja inapatikana kwenye kingine. Mwisho kamulia limau au ndimu, au mpe kipande cha chungwa, papai au pera papo hapo anapokula. Vitamini C huufungulia mwili mlango wa kunyonya chuma, lakini lazima ifike tumboni pamoja na chakula. Chungwa la saa kumi halisaidii maharage ya saa saba.

Majani ya kunde, ya maboga na mchicha yakatwe madogo sana na yaingizwe humo humo. Mtoto anayetema mchicha uliorundikwa pembeni ya sahani mara nyingi huumeza uliopotelea ndani ya maharage. Lakini usimfiche kila siku, kwa sababu asichokiona hawezi kukizoea.

Kuhusu uji, nyanda hizi zina elimu ya zamani ambayo imeanza kusahaulika. Mwaka 1983, Serikali kwa kushirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani ilianzisha mpango wa lishe mkoani Iringa, ukaanza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini mbele ya wazazi, na matokeo yakajadiliwa na kijiji kizima, si na mama peke yake. Kati ya vitu vilivyohimizwa na wataalamu wa lishe miaka hiyo ni kimea, kitu ambacho bibi wa Mbeya na Iringa wanakijua kupitia togwa. Ulezi unalowekwa siku moja, unachujwa, unafunikwa na kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu hadi uchipue, unaanikwa hadi ukauke kabisa, kisha unasagwa. Pika uji mzito wa kusimamisha mwiko, uepue, uache upoe kidogo, koroga kijiko cha unga wa kimea. Ndani ya dakika chache uji unalegea wenyewe bila kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke, ongeza karanga zilizosagwa. Mtoto anakunywa uji mwepesi mdomoni lakini wenye nguvu ya ugali. Kwa mtoto mvivu wa kutafuna ni vigumu kupata kitu rahisi kuliko hiki.

Tofauti na hapo ni ule "unga wa lishe" wa nafaka saba, ambamo mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, soya na karanga vyote husagwa pamoja na kuwekwa kwenye ndoo miezi miwili. Nafaka saba hazimfanyi mtoto akue mara saba. Nafaka moja na aina moja ya mikunde zinatosha. Soya ikisagwa mbichi inazuia protini isisagike tumboni, hivyo lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kwanza. Karanga ndani ya unga huchacha, na zikipata unyevu huota sumukuvu. Sumu hiyo si hadithi: mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Karanga zisagwe kidogo kidogo na ziongezwe wakati wa kupika, na zile zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe. Mtoto mdogo asipewe karanga nzima, zinapalia.

Sasa namna ya kulisha. Kumbana mtoto pua ili afungue mdomo bado kunafanyika, na kila anayefanya anasema naye alilelewa hivyo. Matokeo yake ni mtoto anayelia akiona bakuli. Mgawanyo wa kazi unaofaa ni huu: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua ale kiasi gani. Umri huo anahitaji milo mitatu au minne na kitu kidogo katikati mara moja au mbili, kama ndizi, parachichi, kiazi kitamu au yai. Kati ya hapo ni maji, na ziwa la mama kama bado ananyonya, maana kunyonya hadi miaka miwili au zaidi kunashauriwa. Awe na sahani yake, akae na wenzake, ashike mwenyewe hata akichafua mkeka. Chakula kipya kinaweza kukataliwa mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hakijakubaliwa, wakati wazazi wengi huacha baada ya mara ya tatu. Weka kidogo, kijiko kimoja, bila kelele. Nusu saa ikiisha ondoa sahani, na usilete kitumbua badala yake. Wiki ya kwanza ni ngumu, na inakuwa ngumu zaidi kama bibi na mama hawajakubaliana kabla.

Jambo moja mimea haiwezi kulimaliza. Vitamini B12, inayohitajika kwa damu na mishipa ya fahamu, hupatikana kwenye vyakula vya wanyama tu. Yai moja humpa mtoto wa umri huu karibu nusu ya mahitaji ya siku, na kikombe cha maziwa yaliyochemshwa kinatosha. Nyumba isiyogusa hata mayai na maziwa inahitaji ushauri wa mtaalamu wa lishe na nyongeza ya vitamini hiyo. Mama anayenyonyesha naye anahusika, maana asipokuwa nayo, maziwa yake hayatakuwa nayo. Unga uliosagwa kwenye mashine ya kijijini hauna virutubishi vilivyoongezwa kama baadhi ya unga wa viwandani. Na kama kinachowazuia ni bei tu, dagaa waliosagwa, kijiko kimoja kwenye mboga, hutatua sehemu kubwa ya tatizo.

Kugoma kwa kawaida hakumshushi mtoto kwenye kadi ya kliniki. Mstari wake ukilala miezi miwili mfululizo au ukishuka, viganja na ndani ya kope vikipauka, miguu ikivimba, akiharisha mara kwa mara, akikabwa au kutapika kila anapokula, usisubiri akue aache. Mpeleke kituo cha afya, au anza na mhudumu wa afya wa jamii mwenye ule utepe wa kupima mkono: chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo, chini ya 11.5 ni mkali na ni wa kwenda siku hiyo hiyo. Uliza kama ana minyoo na kama damu inaweza kupimwa, na usimnunulie dawa ya kuongeza damu dukani kwa kukisia. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo hutolewa Juni na Desemba. Beba kadi, na mweleze mhudumu bila aibu kwamba nyumbani hamli nyama.