Mnara Mdogo wa Karafuu

Wajukuu zangu, kabla sijaanza, mmoja wenu aende jikoni akaniletee karafuu. Punje mbili tatu zinatosha. Zisugueni viganjani, kisha mnuse. Harufu hiyo mnaijua: ni ya pilau, ni ya majamvi ya Pemba wakati wa kuanika. Zishikeni hivyo hivyo. Msizitupe, maana hadithi yenyewe imo humo viganjani mwenu.

Kuna chombo cha fedha kilichofuliwa kwa mfano wa mnara. Paa lake limechongoka, madirisha yake ni ya nakshi yenye matundu, na juu kabisa pana kibendera kisichozidi ukucha wa mtoto. Kina mlango, nao unafunguka kweli. Mtu akiufungua hakuti mlinzi wala ngazi. Anakuta viungo vya kunukia, mara nyingi karafuu, pengine na mdalasini.

Chombo hiki ni cha Wayahudi, nacho kina kazi moja tu, inayofanyika mara moja kwa wiki kwa muda usiozidi dakika chache. Ili mwielewe kazi hiyo, inabidi kwanza tuzungumze juu ya saa.

Kwa Wayahudi, siku mpya haiingii saa sita za usiku. Huingia jua linapozama. Watoto wa pwani hamhitaji maelezo marefu hapo, kwani bibi zenu wakisema "usiku wa Ijumaa" hawamaanishi usiku ule unaoandikwa Ijumaa kwenye kalenda ya ukutani. Wanamaanisha ule ulioitangulia. Basi Sabato, siku ya mapumziko ya Wayahudi, huingia Ijumaa jioni. Mama huwasha mishumaa, kikombe cha divai huombewa baraka, na mezani panakuwa na mikate miwili iliyosukwa kama nywele. Kuanzia hapo kazi zote zimewekwa chini. Hakuna kuuza wala kuandika, na hata moto haukokwi. Mkitaka kuyaona haya kwa karibu, si lazima mpande ndege kwenda mbali. Vilimani karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu yapata mwaka 1919, nao huipokea Sabato kwa nyimbo za Kiganda.

Jumamosi usiku, nyota tatu zikionekana angani, Sabato inaondoka. Hapo ndipo mnara wetu unapotoka kabatini. Familia hukusanyika kwa ibada fupi iitwayo havdala, maana yake kutenganisha: kuitenga siku takatifu na siku za kazi. Huwashwa mshumaa wenye tambi kadhaa zilizosukwa pamoja, divai hujazwa kikombeni, na mnara hupitishwa mkono kwa mkono ili kila mmoja anuse, hata mtoto wa kubebwa. Wazee wao walifundisha kwamba mtu hupewa roho ya ziada siku ya Sabato, na roho ile ikiaga, aliyebaki hunyong'onyea. Harufu nzuri ndiyo ya kumtia nguvu. Kwetu nako, mgeni wa heshima akitaka kuaga hufukizwa udi na kunyunyiziwa marashi. Tofauti ni kwamba kwao anayeaga ni siku yenyewe, na wanaofarijiwa ni wenyeji.

Mwisho mshumaa huzimwa kwa kuuchovya katika divai. Tss! Wiki imeanza.

Kwa nini mnara, si kisanduku cha kawaida? Maelezo ni mengi, nami nitawapa yale ninayoyapenda. Katika miji mingi ya Ujerumani ya zamani, Wayahudi hawakuruhusiwa kuingia katika vyama vya mafundi wa fedha. Myahudi akitaka chombo cha ibada, ilimbidi akiagize kwa fundi Mkristo. Fundi naye alifua alichokijua, na alichokiona kila siku dirishani pake ni minara ya mji wake. Kwa hiyo unaweza kukishika chombo cha Kiyahudi kabisa, chenye maombi ya Kiebrania, ukakuta umbo lake limetoka kwa jirani wa dini nyingine.

Mnara wa aina hii unaweza kuonekana leo katika Makumbusho ya Kiyahudi ya New York, Marekani. Umesimama ndani ya kabati la kioo, unamulikwa vizuri, na pembeni pana kikaratasi kinachoeleza ulikotoka. Hapo ndipo ninapopata tabu, wajukuu zangu. Kioo kinaruhusu macho tu. Chetezo kisicho na kaa wala udi ni kigae tu, na mnara huu uliumbwa kwa ajili ya pua.

Wenzake mle kabatini nao wana tabu hiyo hiyo. Kuna fimbo nyembamba ya fedha inayoishia kwa kiganja kidogo kilichonyoosha kidole cha shahada. Torati yao ya sinagogi si kitabu cha kurasa. Ni gombo refu la ngozi lililoandikwa kwa mkono, na msomaji haligusi kwa kidole, kwa heshima na pia ili wino usiharibike. Hufuata mistari kwa fimbo hiyo, kutoka kulia kwenda kushoto, kama mnavyofuata ninyi wa madrasa kwa kijiti juu ya marufaa. Wao huiita yad, yaani mkono, na waliosoma Kiarabu miongoni mwenu wameshalitambua neno hilo. Kisha kuna mapambo mawili yanayovikwa juu ya miti ya gombo, yaitwayo rimonim, komamanga. Yametundikwa njuga. Gombo likibebwa kupita katikati ya watu, njuga hulia na watu wakajua kinachopita. Ndani ya kioo zimenyamaza kimya.

Sasa mtaniuliza: kama vitu hivi ni vya kunuswa, kushikwa na kusikilizwa, nani alivifungia? Kwa baadhi ya vitu hivyo, jibu ni hadithi ya masanduku kumi.

Palikuwa na mji wa bandari katika Bahari ya Baltiki ulioitwa Danzig. Leo unaitwa Gdańsk, nao uko Polandi. Hapo aliishi mfanyabiashara wa nafaka, Lesser Gieldzinski, aliyekuwa na uraibu wa kukusanya vitu vya kale. Mwaka 1904 aliutoa mkusanyo wake wa vyombo vya ibada kwa Sinagogi Kuu la mji huo, ukawekwa humo watu wauone. Yalikuwa miongoni mwa makumbusho ya mwanzo kabisa ya Kiyahudi. Sikilizeni ajabu yake: mwaka huo huo wa 1904, ng'ambo ya bahari, jaji mmoja aitwaye Mayer Sulzberger aliipa maktaba ya chuo cha dini cha Kiyahudi cha New York vyombo 26. Hivyo 26 ndivyo vilivyokuwa mbegu ya makumbusho niliyowatajia. Miji miwili, mbegu mbili, na hakuna aliyejua kwamba zitakuja kukutana.

Mwaka 1933 Wanazi walishika utawala wa Danzig. Maduka ya Wayahudi yakasusiwa, watu wakapigwa, watoto wakabaguliwa shuleni. Mwisho wa mwaka 1938 jumuiya ilikwishaona kwamba hapakaliki, ikaamua kuhama yote. Lakini kuhama ni nauli, ni hati, ni nchi ya kukupokea. Wakauza jengo la sinagogi lao wenyewe. Na vyombo vya fedha, vya Gieldzinski pamoja na vya masinagogi, wakavifunga katika masanduku 10 yenye uzito wa zaidi ya tani 2, wakavipeleka New York kwa mkataba na shirika la msaada la Wayahudi wa Marekani, lililotoa fedha za kuwasafirisha watu. Mnaelewa walichofanya? Taa, mataji na minara iligeuka nauli.

Wakaweka na sharti. Kama katika miaka 15 Wayahudi watakuwa tena Danzig, huru na salama, vitu virudi nyumbani. Kama sivyo, vibaki Marekani vifundishe watu.

Mimi sharti hilo hunishangaza kuliko fedha yote ile. Mtu anafukuzwa kwake, sinagogi lake limeanza kubomolewa Mei 1939, naye bado anaandika siku ya kurudi.

Masanduku yalifika New York kiangazi cha mwaka huo. Alfajiri ya tarehe 1 Septemba, manowari ya Ujerumani ikafyatua mizinga palepale Danzig, na Vita vya Pili vya Dunia vikaanza. Wengi wa Wayahudi wa mji ule walikuwa wameshatoka. Waliobaki, wengi wao wakiwa wazee, walikuwa na shida ya mahali pa kukimbilia, na wengi waliuawa.

Ikafika 1954. Miaka 15 ilikuwa imetimia. Mji ulikuwa na jina jingine na wakazi wengine, na jumuiya ile haikuwepo tena ya kugonga mlango na kudai chake. Vyombo vikabaki. Kufikia wakati huo makumbusho yalikuwa yamekwishafunguliwa, mwaka 1947, katika jumba la Fifth Avenue lililotolewa na Frieda Warburg, mjane wa tajiri wa benki. Mwaka 1980 vyombo vya Danzig viliwekewa maonyesho yao wenyewe humo. Siku hizo, aliyesimama mbele ya kabati alikuwa akitazama mizigo ya watu waliotarajia kurejea.

Kuna jambo moja zaidi, na halisemwi sana. Mwaka 1956 makumbusho hayo yalifungua karakana ndani ya jengo lao. Aliyeiongoza ni Ludwig Wolpert, fundi wa fedha aliyekuwa ameikimbia Ujerumani mwaka 1933. Chini ya paa lile lile lililohifadhi vyombo vilivyonyamaza, akawa anafua vipya, vyenye mistari iliyonyooka, visivyofanana hata kidogo na minara ya zamani, kwa ajili ya masinagogi na meza za watu. Hivyo havikutengenezewa kioo.

Haya, nipeni karafuu zangu. Mama yenu anazisubiri jikoni. Lakini viganja msivinawe kwanza.