Hendo ya mlango imekufa? Acha kusubiri fundi wa kesho, shika bisibisi

KUNA watu wa aina mbili: wanaofungua mlango wa mbele kwa kubonyeza hendo tu, na wanaoufungua kwa kuuinua kidogo, kuusukuma kwa goti, kisha kuzungusha ufunguo huku wakimwomba Mungu. Kama wewe ni wa kundi la pili, makala haya ni yako.

Huku Nyaramba, kaunti ya Nyamira, kijana huwa na milango miwili. Wa kwanza ni wa esaiga, ile nyumba yake ndogo katika boma la wazazi. Wa pili ni wa chumba cha kupanga, kiwe hapa sokoni, Kisii mjini au Nairobi. Yote miwili tunaitendea vilevile. Hendo ikilegea, tunazoea. Ikikatika, tunafunga kamba. Kamba nayo ikichoka, tunampigia fundi, naye anajibu, “Nakuja kesho.” Kesho ya fundi sote tunaijua.

Lakini ikiwa mlango ni wa mbao na tundu la kitasa lilishachimbwa, hii ni kazi ambayo mtu asiyewahi kushika patasi anaweza kuimaliza kabla chai haijapoa sana. Unachohitaji ni bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota, rula, penseli na subira kidogo. Na si suala la kuokoa hela ya fundi tu. Mlango wa mbele ndio unaoamua nani anaingia kwako usiku, na kama wewe mwenyewe utaweza kutoka ukihitaji kutoka mbio.

Kwanza jua nani mgonjwa

Usikimbilie hadiwea kabla hujajua kilichoharibika. Fungua mlango uache wazi kabisa, kisha ubonyeze hendo na uzungushe ufunguo. Tazama ulimi wa kitasa ukingoni mwa mlango. Ukiingia na kutoka bila shida mlango ukiwa wazi, lakini ukikwama mlango ukifungwa, basi kitasa ni kizima. Mgonjwa ni mlango.

Hili ni la kawaida sana huku kwetu. Nyamira ni nyanda za juu, na mvua haituonei haya, hasa kati ya Machi na Mei. Mbao hunywa unyevu na kuvimba. Mlango uliotengenezwa kwa mbao za mkaratusi zilizopasuliwa zikiwa bado mbichi hujipinda pia. Ulimi wa kitasa haukutani tena na tundu la lile bamba lililo kwenye fremu, nawe unaanza kuvuta hendo kwa nguvu. Springi inachoka, hendo inalegea, na lawama zote zinakiangukia kitasa.

Dawa yake ni rahisi. Kaza skrubu za bawaba, hasa ile ya juu, kwa sababu ndiyo inayobeba uzito mlango unapotaka kulala. Kisha paka chaki au lipstiki kwenye ulimi, funga mlango, bonyeza hendo na ufungue. Alama itakuonyesha ulimi unagonga wapi kwenye bamba. Ukiona umekosa tundu kidogo tu, litanue kwa tupa, au lihamishe bamba juu au chini. Hujanunua chochote.

Mlango ukiwa wazi na hendo bado inaning’inia kama mkono uliovunjika, angalia shingoni mwake. Baadhi ya hendo zina kiskrubu kidogo hapo. Kikaze kwanza. Hendo ikirudi kuning’inia, au ulimi ukigoma kutoka, hapo sasa tunabadilisha.

Vua kwanza, nunua baadaye

Kosa linalowapotezea wengi nauli ni kununua kwa macho. Kitasa ni kama kiatu: kinaweza kupendeza dukani na kikakataa kukuingia.

Anza kwa kupiga picha ya kila upande kwa simu, ndipo ufungue skrubu za bamba la hendo, la ndani na la nje. Hendo zikitoka utaona kipande cha chuma cha pembe nne kinachopita katikati ya mlango. Hicho ndicho kinachounganisha hendo ya nje na ya ndani. Kivute kitoke. Sasa geukia ukingo wa mlango, fungua skrubu mbili zinazoshika kitasa, pitisha bisibisi kwenye lile tundu la chuma cha pembe nne na ukivute taratibu. Kikiwa kimeng’ang’ania kwa sababu ya rangi, pitisha kisu kuzunguka bamba lake kwanza, la sivyo utang’oa mbao.

Kabla ya kutoka nyumbani, pima vitu vinne.

Cha kwanza ni umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la hendo. Katika vitasa vya kuchimbia vya vipimo vya Kiingereza, kile kinachoitwa cha inchi mbili na nusu huwa na karibu milimita 44 hapo, na cha inchi tatu huwa na karibu 57. Hizo inchi ni za kasha lote la kitasa, si za umbali huo, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa.

Cha pili ni umbali kutoka katikati ya tundu la hendo hadi katikati ya tundu la ufunguo. Ukikosea hapa, bamba jipya la hendo litaziba tundu la ufunguo.

Cha tatu ni urefu wa bamba la ukingoni, lile linaloonekana mlango ukiwa wazi.

Cha nne ni unene wa mlango. Chuma cha pembe nne kikiwa kifupi, hendo itachomoka mkononi mwako siku una haraka. Kikiwa kirefu, utakikata kwa msumeno wa chuma.

Halafu beba kitasa cha zamani chenyewe uende nacho. Usione haya kukiweka juu ya kaunta. Muuzaji wa hadiwea akikiona ataelewa haraka kuliko ukimweleza kwa mikono.

Kurudishia

Chukua kitasa kipya ukitazame ulimi wake uliokatwa mshazari. Ule mteremko ndio unaopaswa kugonga fremu kwanza mlango unapofungwa. Ukiwa umeelekea upande mwingine, mlango hautajifunga. Vitasa vingi huruhusu ulimi kuvutwa na kugeuzwa, kwa hiyo usikirudishe dukani kabla ya kujaribu.

Kiingize kitasa kwenye tundu. Kikikataa kidogo, tumia patasi kuongeza nafasi, lakini toa mbao kidogo kidogo. Mbao iliyotoka hairudi. Funga skrubu za ukingoni bila kuzikaza sana, pitisha chuma cha pembe nne, weka hendo zote mbili, halafu jaribu ufunguo kabla ya kukaza chochote. Ukizunguka kwa ulaini, kaza skrubu zote kwa zamu, moja baada ya nyingine. Ukikaza upande mmoja kupita kiasi, bamba litapinda na ufunguo utaanza kukwaruza.

Skrubu ikizunguka bila kushika, tundu limechakaa. Jaza vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, vikate vilingane na mlango, acha gundi ikauke, kisha rudisha skrubu. Ujanja huu ni wa zamani na bado unafanya kazi.

Sheria ya dhahabu: jaribu kila kitu mlango ukiwa wazi. Fungua na funga mara kumi, kwa ufunguo na kwa hendo, kwa ndani na kwa nje. Ndipo uufunge, na bisibisi iwe mkononi upande uliopo wewe. Ukijifungia ndani na vifaa viko nje, majirani watakuwa na hadithi ya mwezi mzima.

Na ufunguo ukianza kugoma baada ya miezi kadhaa, usimwage mafuta ya kupikia kwenye tundu. Hushika vumbi na kugeuka gundi. Kwangua risasi ya penseli, paka unga wake kwenye ufunguo, ingiza na utoe mara kadhaa.

Ufunguo wako uko mfukoni mwa nani?

Sasa tuje kwa wale wa kupanga. Ulipoingia kwenye hiyo bedsita ulipewa ufunguo mmoja, pengine miwili. Aliyekaa hapo kabla yako alirudisha yote? Alimtolea mpenzi wake nakala? Keteka anao wake? Hujui. Ndiyo maana kubadilisha kitasa ni jambo la kufikiria wiki ya kwanza, si baada ya televisheni kutembea.

Ukifika dukani utaulizwa kama unataka leva mbili au leva tatu. Hilo si swali la fasheni. Leva ni vibamba vidogo ndani ya kitasa, na kila kimoja lazima kiinuliwe na ufunguo hadi kimo chake kamili ndipo ulimi usogee. Wazo hili lilipewa hataza Uingereza mwaka 1778 kwa jina la Robert Barron, na kitasa chake kilikuwa na leva mbili. Leva zikiwa chache, tofauti kati ya funguo nazo huwa chache. Ndiyo maana katika ploti yenye vitasa vya leva mbili si ajabu ufunguo wa jirani kufungua kwako. Kwa mlango wa chumba cha ndani, leva mbili sawa. Kwa mlango wa mbele, ongeza pesa kidogo upate tatu au zaidi.

Kama ufunguo wako ni bapa na una meno, huenda kitasa chako ni cha silinda. Hapo una bahati: hubadilishi kitasa chote. Fungua ile skrubu moja ndefu iliyo ukingoni usawa wa tundu la ufunguo, zungusha ufunguo kidogo huku ukivuta, na silinda itatoka. Nunua nyingine ya urefu uleule. Isitokeze sana nje ya bamba, maana silinda iliyochomoza huvunjwa kwa urahisi na mwenye nia mbaya.

Lakini nyumba si yako. Mwambie mwenye nyumba kabla ya kubadilisha, tena kwa ujumbe wa maandishi, ili kesho usisikie kwamba uliharibu mlango. Hifadhi kitasa cha zamani na skrubu zake kwenye mfuko. Siku ya kuhama unaweza kurudisha cha mwenyewe na kuondoka na chako.

Usalama si kuzuia mwizi tu

Tunapozungumzia mlango, akili zote hukimbilia mwizi. Ila kuna adui mwingine. Machi 2001, moto ulizuka usiku katika bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, na wanafunzi 67 wakafa. Mmoja wa milango ya bweni hilo ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Tangu hapo, kila mkasa wa moto bwenini huturudisha kwenye swali lilelile: mlango ulifunguka?

Liulize swali hilo nyumbani kwako pia. Madirisha yetu mengi yana grili, kwa hiyo mlango wa mbele ndiyo njia pekee. Hendo ya ndani ikiwa imekatika na unafungua kwa koleo, utalipata hilo koleo saa nane za usiku, stima imepotea na moshi umejaa? Unaweza kuishi wiki moja na hendo ya nje iliyokufa. Ya ndani usiilalie hata siku moja.

Kwa ajili hiyo, usiku tumia komeo la ndani linalofunguka kwa mkono badala ya kufuli. Kama ni lazima ufunge kwa ufunguo, utundike kwenye msumari mmoja karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa mtu wa dirishani haufiki. Kila anayelala humo, hata mgeni wa siku moja, aujue msumari huo.

Hapa mwite fundi

Kuna kazi za kumwachia mwenyewe. Mlango wa chuma ambao nyumba ya kitasa imechomelewa na kupinda unahitaji grenda na welding, si bisibisi yako. Mlango mpya ambao haujachimbwa tundu, au fremu iliyooza na kuliwa na mchwa, pia ni wake. Lakini hata kwenye mlango wa chuma, hendo yenyewe mara nyingi imeshikwa na bolti au skrubu tu. Iangalie kabla ya kupiga simu.

Basi leo jioni ukifika nyumbani, fanya jaribio moja. Fungua mlango, uache wazi, bonyeza hendo ya ndani na uiachilie. Ikirudi juu yenyewe, uko salama. Ikibaki chini, hadiwea hufungua asubuhi.