Kioo, Gilasi na Bilauri: Maneno Yaliyomo Kabatini

Muhula uliopita tuliwaomba wanafunzi wetu hapa Kampala walete darasani "kioo cha rangi cha zamani" kutoka nyumbani. Wawili walikuja na vioo vya kujitazamia. Wengine walileta gilasi za rangi ya kaharabu, bakuli la kijani, na jagi la buluu lenye pengo mdomoni. Tulicheka, lakini kosa lilikuwa letu pia, kwani agizo lilikuwa na maana mbili.

Tuanze na maneno yenyewe. Kioo ni kitu kigumu kinachopitisha mwanga, ambacho hutengenezewa madirisha, chupa na vyombo. Vilevile ni kifaa cha kujitazamia. Kwa Kiluganda kifaa hicho huitwa endabirwamu, neno linalotokana na kitenzi okulaba, yaani kuona. Chombo cha kunywea tunakiita gilasi (au glasi), neno la asili ya Kiingereza, au bilauri, lililotoka Kiarabu ambako lina maana ya fuwele. Hivyo basi, usiseme "nimekunywa kioo cha maji". Sema "nimekunywa bilauri ya maji".

Je, rangi hutoka wapi? Aghalabu haipakwi juu, bali imo ndani ya kioo chenyewe. Mchanga huyeyushwa tanurini pamoja na magadi na chokaa, kisha huongezwa madini: kobalti huleta buluu, chuma huleta kijani, manganizi huleta zambarau. Chuma kikichanganywa na salfa na kaboni hutoa rangi ya kaharabu. Baadhi ya gilasi zina jina Duralex kitakoni, alama ya Ufaransa iliyosajiliwa mwaka 1945. Kioo chake hupashwa moto sana kisha hupozwa ghafla ili kiwe imara; kikivunjika, hutawanyika chembechembe badala ya kuacha vigae virefu.

Vyombo kama hivi vilifikaje kwetu? Bidhaa za ng'ambo zilishushwa bandarini Mombasa na kupakiwa katika treni. Reli ilifika Kampala mwaka 1931. Nyingi ziliuzwa katika maduka ya Wahindi. Mnamo Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Wengi waliacha nyumba na vyombo vyao. Baadaye hata sukari na sabuni zikaadimika, na neno la Kiswahili magendo likawa la kila siku midomoni mwa Waganda. Katika miaka hiyo gilasi ikivunjika haikuwa rahisi kupata nyingine. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi zilizosalia zilifungiwa kabatini, zikatolewa kwa wageni tu.

Hapa ndipo tunapoliona jambo kubwa zaidi. Watu wengi wa Uganda walikisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa askari, na hadi leo wapo wanaokiogopa kama lugha ya amri na ya vizuizi vya barabarani. Kabati la nyanya linatupatia njia nyingine ya kukiingia. Bilauri, birika, sahani, bakuli na kabati ni maneno ya kumkaribisha mgeni. Mwanafunzi anayejifunza kusema "Karibu, kunywa maji" huku ameshika bilauri ya nyumbani kwao hajifunzi lugha ya kambini.

Kwa walimu tunapendekeza zoezi hili. Kila mwanafunzi achague chombo kimoja cha kioo, amuulize mzee wa nyumbani jina lake, kilikotoka na siku kilipotumiwa. Kisha aandike aya moja kwa Kiswahili, akitumia maneno ufa, pengo, kigae na rangi ifaayo. Msichelewe. Vikombe vya plastiki vimekwisha kuchukua nafasi mezani, na chombo kikitupwa, jina lake na kisa chake huenda nacho.

Tunawatakia masomo mema, na mshike bilauri kwa mikono miwili.