Namibia: Kiapo cha Kulazimishwa

Kila askari wa jeshi au polisi anaikumbuka siku aliyokula kiapo. Kiapo kile kina uzito kwa sababu mwenye kukila anaijua nchi anayoiapia. Je, kiapo cha mtu aliyeshurutishwa kulitumikia jeshi linaloikalia nchi yake kina uzito gani? Historia ya ndugu zetu wa Namibia inalo jibu.

Majeshi ya Afrika Kusini yaliiteka Namibia kutoka kwa Wajerumani mwaka 1915. Mwaka 1966 Umoja wa Mataifa uliifutia Afrika Kusini mamlaka ya kuitawala nchi hiyo, na wapiganaji wa SWAPO wakaanza vita vya ukombozi. Mwaka 1971 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilieleza bayana kuwa Afrika Kusini ilikuwapo Namibia kinyume cha sheria. Makaburu hawakuondoka.

Vita vilipowaelemea, mwaka 1980 waliunda jeshi la wenyeji lililoitwa SWATF, chini ya majenerali wa Pretoria. Mwaka huo huo waliamuru vijana wa kiume wa Namibia wenye umri wa miaka 16 hadi 25 waingizwe jeshini kwa lazima. Lakini amri hiyo haikutekelezwa katika Owambo, Kavango na Caprivi, yaani kaskazini, ambako vita vilipamba moto. Huko makaburu waliwategemea waliojiunga kwa ajili ya mshahara, kwani walihofia kumpa bunduki kijana ambaye huenda angewageuzia wao wenyewe.

Kijana aliyepata barua ya mwito alikuwa na njia tatu: kwenda kumpiga risasi ndugu yake, kufungwa, au kuiaga nyumba ya wazazi wake na kuvuka mpaka. Wengi walikimbilia Angola. Wengine waliipinga amri hiyo mahakamani.

Sheria ya vita haina utata juu ya jambo hili. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949 inaikataza dola inayoikalia nchi ya wengine kuwalazimisha raia kutumikia majeshi yake, au hata vikosi vyake vya usaidizi. Inakataza pia kuwashinikiza au kuwarubuni kwa propaganda ili wajiunge. Afrika Kusini yenyewe ilijiunga na mkataba huo mwaka 1952. Basi askari anayeamriwa kuwasomba vijana wa nchi iliyokaliwa anaamriwa kutenda kosa la jinai ya vita.

SWATF lilivunjwa mwaka 1989, na tarehe 21 Machi 1990 Namibia ikawa huru. Jeshi jipya liliwapokea wapiganaji wa SWAPO pamoja na waliokuwa askari wa SWATF. Watu waliogeuzwa maadui kwa amri ya mgeni walisimama chini ya bendera moja, wakakiapia kile walichokuwa nacho wote tangu awali: nchi yao. Wahenga walisema, hiari yashinda utumwa.