Mficha Uchi Hazai: Mgonjwa na Daktari Kabla ya Tamoksifeni

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Methali hii yamhusu mno mgonjwa wa saratani ya matiti anayeandikiwa tamoksifeni, dawa izuiayo homoni ya estrojeni kuchochea seli za saratani, na ambayo aghalabu humezwa kila siku kwa miaka 5 au 10. Kabla ya kuianza, hana budi kumweleza daktari iwapo ana mimba au anaitarajia, maana dawa hiyo yaweza kukidhuru kijusi. Iwapo damu imewahi kumganda mguuni au mapafuni. Na iwapo anatumia dawa nyinginezo, mitishamba ikiwemo. Paroksetini, kwa mfano, ambayo hutibu sonona, huipunguzia tamoksifeni nguvu. Naye daktari aeleze dalili za hatari, hususan kuvuja damu ukeni kusiko kwa kawaida. Soni isiwe kizingiti cha tiba.