Kuchimba Bahari ili Kujaza Ufukwe

Ufukwe unapoliwa na mawimbi, walioko nyuma yake wana njia tatu: kuhama, kujenga ukuta, au kuleta mchanga mwingine. Njia ya tatu husifiwa kuwa rafiki wa mazingira, kwa kuwa haiachi zege mbele ya bahari. Sifa hiyo ina msingi, ila haijagusa swali la mahali mchanga ulikotoka. Hutoka kwenye sakafu ya bahari, nayo ina wakazi wake.

Nchi iliyolifanya jambo hili kwa utaratibu kuliko nyingi ni Uholanzi. Mwaka 1990 serikali yake iliamua kwamba ukingo wa pwani usirudi nyuma ya pale ulipokuwa mwaka huo. Ili kuulinda, tangu mwaka 2001 pwani hiyo imekuwa ikiongezewa takriban mita za ujazo milioni 12 za mchanga kila mwaka. Karibu wote huchimbwa kutoka Bahari ya Kaskazini.

Kazi hufanywa na meli yenye bomba refu linaloshushwa hadi chini. Meli husonga taratibu huku mdomo wa bomba ukiburutwa sakafuni na pampu ikivuta mchanga pamoja na maji. Mchanganyiko huo huingia kwenye tangi kubwa ndani ya meli. Mchanga hutua, na maji yaliyozidi humwagwa tena baharini. Ikijaa, meli husogea pwani na kufungua milango iliyo chini yake, au kuusukuma mzigo kwa bomba hadi nchi kavu.

Maji yanayomwagwa ndiyo chanzo cha athari ya kwanza. Yeyote aliyewahi kuosha mchele ameona jinsi punje zinavyotua chini ilhali weupe unabaki ukielea. Vivyo hivyo chembe laini za udongo hubaki majini na kusafiri na mkondo. Tuliite wingu la tope. Wingu hilo hupunguza mwanga unaofika chini, na mimea midogo ya baharini hukua kwa mwanga. Kome na jamaa zake, wanaochuja maji ili kupata chakula, huchuja tope lisilo na lishe. Ukubwa wa madhara hutegemea kiasi cha udongo kilichomo mchangani: mchanga safi wenye chembe nene huacha wingu dogo linalotawanyika upesi.

Athari ya pili iko kwenye shimo lenyewe. Minyoo, kome na kaa wadogo waliojificha kwenye tabaka la juu huvutwa pamoja na mchanga, na wengi hufa. Shimo lisipozidi mita mbili hivi, mabuu yanayoletwa na mikondo huanzisha maisha upya, na katika Bahari ya Kaskazini jamii ya viumbe hao kwa kawaida hurejea katika miaka miwili hadi minne. Shimo refu ni suala jingine. Upanuzi wa bandari ya Rotterdam uliokamilika mwaka 2013 uliacha mashimo yenye kina cha hadi mita 20 chini ya sakafu ya awali. Mkondo ndani yake ni dhaifu, tope hutuama, na viumbe waliohamia humo si wale waliokuwapo. Wapo kwa wingi, hata samaki wanaowala wameongezeka. Kwa hiyo mtu akidai kwamba shimo refu ni jangwa, amekosea. Akidai kwamba bahari imerudi ilivyokuwa, naye amekosea.

Mahali pa kuchimba pana uzito kuliko kina cha shimo. Waholanzi huchimba nje ya mstari wa kina cha mita 20. Sababu ni kwamba karibu na pwani mawimbi huusogeza mchanga huku na huko, kati ya sakafu ya bahari na ufukwe, na kuufanya akiba moja. Ukichukua humo, unaukopesha ufukwe mali yake mwenyewe, na mawimbi yatalijaza shimo kwa mchanga wa jirani.

Tugeukie ufukweni. Wanyama walioko hapo hufukiwa. Minyoo wa eneo la mawimbi hurudi haraka, mara nyingi ndani ya mwaka, nao ndio chakula cha ndege wadogo wanaokimbia ukingoni mwa maji. Lakini hurudi iwapo mchanga mpya unalingana na wa zamani kwa unene wa chembe. Huko Florida, nchini Marekani, hesabu inazidi kuwa ngumu kwa sababu ya kasa. Mchanga ulioshindiliwa humzuia jike kuchimba kiota. Mchanga wenye rangi iliyokolea hushika joto zaidi, na joto la kiota ndilo linaloamua kama watoto watakuwa majike au madume. Mdomo wa bomba nao unaweza kumvuta kasa aliyepumzika chini, ndiyo maana huwekewa kinga ya kumsukuma kando, na kazi hupangwa kwa kukwepa misimu yao.

Sasa tuweke muda mezani. Mchanga ulioongezwa hauzuii mmomonyoko. Huyapa mawimbi kitu kingine cha kula. Baada ya miaka michache kazi hurudiwa, na hapo ndipo naona hatari kubwa. Viumbe wanaohitaji miaka minne kurejea, wakivurugwa kila baada ya mitatu, hawarejei kabisa. Waholanzi walijaribu jibu mwaka 2011 karibu na Ter Heijde: waliweka mita za ujazo milioni 21.5 kwa mkupuo mmoja, ili upepo, mawimbi na mikondo viusambaze mchanga huo kwa takriban miaka 20. Eneo moja lilifukiwa sana, lakini ukanda mrefu uliachwa utulie. Naliona kuwa badilishano la busara.

Hata hivyo, busara hiyo inasimama juu ya bahari yenye sakafu pana ya mchanga. Pwani yetu haiko hivyo. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania imezungukwa na miamba ya matumbawe, na mchanga mweupe wa fukwe nyingi ni mabaki ya matumbawe yenyewe, magamba, na mawe yaliyotafunwa na pono. Akiba hiyo hutengenezwa polepole mno. Ndani ya mwamba maji ni mafupi na yamejaa majani ya baharini. Nje yake, mahali pengi, sakafu hushuka ghafla. Wingu la tope ambalo kome wa Bahari ya Kaskazini hulivumilia kwa wiki kadhaa linaweza kuyaua matumbawe, kwa kuwa yanaishi kwa mwanga na hayawezi kuhama. Kwa pwani ya namna hii, pale ufukwe unapolishwa pia na mito, mchanga unaochotwa mitoni na kwenye vijito kabla haujafika baharini ndio wa kushughulikiwa kwanza, na meli ya kuchimba isubiri hadi ijulikane itachimba wapi nje ya mwamba, mchanga wa aina gani, na itarudi baada ya miaka mingapi.